Rujewa: Mahali jua lilipovaa pete

Mwambie kijana wa Dar kwamba unakwenda kutalii, atakuuliza papo hapo: Zanzibar au Bagamoyo? Ukimjibu kwamba unakwenda Rujewa atakupa pole, akidhani umefiwa. Kwa wengi wetu bara ni mahali pa kwenda kuzika, kuoa au kufuata gunia la mchele. Nani apande basi siku nzima eti anakwenda kuangalia jua, wakati jua lenyewe liko hapahapa Kariakoo, tena linachoma ile mbaya?

Basi mpenzi msomaji, mimi nilikwenda, na mpaka leo sijaona safari iliyoizidi ile.

Kwa wasiopajua, Rujewa ni makao makuu ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, karibu na barabara kuu ya TANZAM, katika bonde la Usangu. Ule mchele wa Mbeya unaoringiwa na mama ntilie wa mjini, mwingi unatoka mashamba ya huko. Ni mji wa vumbi, baiskeli na mashine za kukoboa mpunga. Lakini Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016, Rujewa ilikuwa habari ya mjini. Siku hiyo kivuli cha mwezi kilikatiza Afrika kuanzia Gabon, kikapita Kongo, kikaingia kwetu, kikashukia Msumbiji na Madagaska. Rujewa ilikuwa kwenye njia yake. Wazungu wenye kamera ndefu kama mabomba ya maji walifika, wanafunzi walifika kwa mabasi, na mimi nikafika nikiwa na begi moja na mtoto wa dada yangu.

Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, kazi yangu kijiweni ikiwa ni kubisha kuhusu Simba na Yanga. Mtaalamu wa anga wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, Dk. Noorali Jiwaji, alikuwa akihimiza watu waende Rujewa wakajionee, na mimi nikashikwa na mchecheto. Nauli sina. Dada akasema atatoa, kwa sharti moja: niende na mwanawe wa miaka minane, aliyekuwa darasa la pili na maswali ya darasa la saba. Alituombea ruhusa shuleni, akaninunulia miwani maalumu ya kutazamia jua, jozi moja tu, kisha akanishika sikio kama mtoto mdogo.

"Sikiliza wewe. Macho ya mwanangu yakipata kasoro, usirudi hapa. Baki hukohuko ulime mpunga."

Hapo sasa. Ukipewa mtoto wa mtu na masharti ya namna hiyo, safari inaacha kuwa starehe.

Tuliondoka Ubungo alfajiri, maana wakati ule stendi ya mikoani ilikuwa bado haijahamia Mbezi. Ni kama kilomita 700 hivi. Mikumi tukawaona twiga na nyani bure, bila kiingilio. Ruaha Mbuyuni tukapokewa na mibuyu na akina mama wenye ndoo za vitunguu madirishani. Pale mlima Kitonga basi likapanda likihema kama mzee mwenye pumu, na abiria waliokuwa wanapiga soga tangu Morogoro wote wakanyamaza, kila mtu akimkumbuka Mungu wake. Iringa, Mafinga, Makambako, baridi inapiga, kisha barabara ikateremka kuelekea Usangu na joto likarudi.

Njia nzima dogo ananiuliza swali lilelile. Kwetu sisi mjomba na mpwa wote huitana mjomba, kwa hiyo ilikuwa hivi:

"Mjomba, kitu gani kinalikamata jua?"

"Mwezi, mjomba."

"Mwezi mdogo vile? Jua si kubwa?"

Nakwambia, mtoto akikuuliza swali la namna hiyo, vidato vyote vinne vinayeyuka. Nilimjibu usiku, chumbani gesti. Nikamwambia afumbe jicho moja, anyooshe mkono na kuinua kidole gumba mbele ya balbu. Akakisogeza karibu na jicho, balbu ikapotea. Akacheka. Basi, nikamwambia, gumba lako halikuwa kubwa kuliko balbu, liko karibu tu. Jua ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, lakini pia liko mbali kuliko mwezi mara 400 hivi. Ndiyo maana tukitazama kutoka hapa vinaonekana vinalingana.

"Sasa sogeza gumba mbali kidogo." Akanyoosha mkono mpaka mwisho, na kingo za balbu zikaanza kuchungulia pembeni.

"Mjomba, inatokea!"

Hiyo ndiyo pete yenyewe. Mwezi hauzunguki dunia kwenye duara kamili. Kuna siku uko kilomita kama 360,000 kutoka kwetu, kuna siku unafika karibu 405,000. Jua likipatwa mwezi ukiwa mbali, mwezi hautoshi kulifunika lote, unabaki mduara wa moto pembeni. Wataalamu wanakuita kupatwa kipete. Mtoto wa miaka minane alielewa kwa gumba na balbu, na mimi, nikueleze ukweli, ndipo nilipoelewa vizuri.

Gesti yetu ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, mcheshi, mkarimu kufa mtu. Asubuhi tulipomwamkia, "Shikamoo mama," aliitikia marahaba huku anawasukumia wanawe wawili chumba cha uani, wa kike wa kama miaka kumi na mdogo wake wa kiume. Akavuta pazia, akafunga mlango kwa nje.

"Leo hawatoki hawa mpaka jua lipone," akasema.

Nikamwuliza kwa nini, kwa adabu. Akasema bibi yake alimfundisha kwamba jua likiumwa mtoto hatakiwi kulitazama, atapofuka. Sasa mimi ningesema nini? Kijana wa mjini anayejua kila kitu angeanza kumcheka. Lakini lifikirie vizuri hilo la bibi. Kuhusu macho alikuwa sahihi! Jua likipatwa, watu hulikodolea kwa sababu mwanga wake umepungua, lakini kile kipande kinachobaki kinaunguza vilevile. Ndani ya jicho, pale nyuma panaponasa picha, hapana hisia ya maumivu. Unaungua husikii kitu, unakuja kugundua baadaye doa jeusi limekaa katikati ya kila unachotazama, na huenda lisiondoke. Bibi hakuwa na miwani ya dukani, kwa hiyo alitumia dawa aliyokuwa nayo: mlango. Nilimwelewa yule mama. Hata hivyo roho iliniuma. Wageni wamepanda ndege kutoka huko mbali kuja kuona, na watoto waliozaliwa hapohapo Rujewa wanafungiwa ndani.

Nikamwambia, "Mama, mimi nina miwani yenyewe, nitawasimamia." Akatabasamu, akakataa. Watoto ni wa kwake, ningefanyaje? Tukaondoka na kuacha vijicho viwili vinachungulia kwenye upenyo wa pazia.

Uwanjani ilikuwa sherehe. Watu kibao, muziki, karanga, mahindi ya kuchoma. Na kama kawaida ya Bongo, palipo na watu pana mjanja. Jamaa mmoja alikuwa anauza miwani myeusi ya kibishoo, ile ya kuvalia ufukweni, huku anatangaza kwamba ndiyo yenyewe ya kutazamia jua. Dogo akaipenda. Akaanza kuilinganisha na yetu ya karatasi, akaona yetu ni ya kishamba.

Nikamfundisha jaribio dogo, nawe likariri. Vaa miwani kisha tazama kitu chochote cha kawaida: mti, mtu, nyumba. Ukikiona, hiyo si miwani ya jua, ni pambo. Miwani ya kweli ni giza tupu, huoni hata pua yako, isipokuwa jua lenyewe peke yake. Dogo akaivaa ile ya kibishoo, akamwona muuzaji mpaka meno. Akamrudishia, akamwambia, "Mjomba kasema hii ni pambo." Watu wakacheka, jamaa akahama upande wa pili wa uwanja na biashara yake.

Jua lilianza kumegwa baada ya saa 4 asubuhi. Kwanza kitobo kidogo ukingoni, kama mtu kaonja mkate. Tukawa tunapokezana miwani: yeye anatazama kidogo, anageukia chini, ananipa. Nilikuwa nimemshika bega muda wote, namhesabia, maana maneno ya dada yalikuwa bado yananipigia kelele sikioni. Ilipokaribia saa 6 mchana mwanga ukageuka. Halikuwa giza. Ilikuwa kama mtu kapunguza taa, kila kitu kikawa na rangi ya bati kuukuu. Upepo ukapoa, ngozi ikasisimka. Muziki ukazimwa. Halafu uwanja mzima ukapiga kelele kwa pamoja.

Pete! Pete ya moto, duara kamili, katikati cheusi ti. Ilidumu kama dakika tatu hivi. Karibu yangu bibi mmoja alikuwa akisali kwa sauti, kijana mmoja akipiga mluzi, na mpwa wangu, ambaye hajawahi kunyamaza tangu ajue kusema, alikuwa kimya. Alipoona zamu yangu imefika akanipa miwani mwenyewe bila kuambiwa. Pete ikakatika upande mmoja, mwanga ukarudi taratibu, na jogoo wa mtu akawika kwa kuchelewa.

Sasa njoo nikueleze kilichonifanya niandike makala haya.

Tulirudi gesti dogo akitembea kifua mbele. Wale watoto wa mama bado wako ndani, jua likiwa halijamaliza kuachiwa. Mpwa wangu akasogea dirishani kuwatambia: yeye kaona pete, wao hawakuona. Yule msichana akajibu kutoka ndani, sauti kavu:

"Na sisi tumeona. Tumeona nyingi kuliko wewe."

Dogo akacheka. Mimi nikajua anajikaza tu. Lakini yule mama, aliyekuwa anaosha masufuria, akainuka kufungua mlango aone wanawe wameona nini wakati yeye kafunga kila kitu. Tukaingia wote.

Chumba hakikuwa na dari. Juu ni bati, na bati lile lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani. Kwa kila tundu ulishuka uzi mwembamba wa mwanga hadi sakafuni, na pale sakafuni, msomaji wangu, palikuwa na majua madogo madogo, upana wa sentimita mbili tatu, yote yamemegwa upande mmoja kama mwezi mchanga. Kumi, kumi na tano, yametapakaa kwenye saruji. Yule msichana alikuwa ameyachora kwa chaki tangu asubuhi. Mstari wa kwanza duara kamili, kisha duara lililoonjwa, kisha mundu, kisha, katikati ya sakafu, pete kadhaa za chaki, halafu mundu umegeukia upande wa pili. Saa nzima za anga alikuwa amezichora bila kutoka chumbani na bila kuinua uso kulitazama jua hata mara moja.

Mama yake alisimama mlangoni, mikono inachuruzika povu. Akatazama sakafu, akatazama bati, akatazama sakafu. Kisha akavua kandambili, akaingia polepole asije akakanyaga jua, akachuchumaa. Akaweka kiganja chini ya mwanga mmoja, jua likakaa kiganjani.

"Kumbe halina ubaya likiwa hivi," akasema.

Tundu dogo hufanya kazi kama kamera: linapitisha mwanga na kuchora picha ya jua upande wa pili. Majani ya mwembe hufanya vilevile, jua likipatwa utaona vimundu tele kivulini. Hata chekecheo la jikoni linafaa. Huna haja ya shilingi, na hakuna jicho linaloungua, kwa sababu mtoto analipa jua mgongo na kutazama chini. Mimi na miwani ya dada tuliona pete moja kwa zamu. Yule binti alizihesabu pete zake sakafuni.

Tulikaa humo mpaka baada ya saa 7, jua likawa zima tena. Mama akatupikia wali wa Mbarali, akakataa hela.

Lakini usidhani mambo yaliishia hapo. Tarehe 10 Septemba 2016, siku tisa tu baadaye, tetemeko likapiga Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba. Mtaani kwetu Mbagala ikawa kasheshe: mnaona sasa, jua lilitoa onyo! Mpwa wangu akaja usiku, uso umemshuka. Anataka kujua kama watu wa Bukoba wamekufa kwa sababu ya ile pete aliyoishangilia. Mtoto wa miaka minane amebeba mzigo huo peke yake kutwa nzima.

Nilimpeleka kwa ustadhi jirani yetu, mzee mmoja mpole. Akamkalisha jamvini, akamsimulia kwamba siku aliyofariki Ibrahimu, mtoto wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wakasema limemlilia. Mtume mwenyewe akawakataza: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. "Kama havikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume," akasema ustadhi, "vitapatwa kwa ajili ya nani?" Mimi nikaongezea langu: kupatwa hujulikana miaka mingi kabla, siku na saa, wakati tetemeko hakuna ajuaye litakuja lini. Usiku ule dogo alilala.

Somo nililopata ni kwamba kumfundisha mtoto mambo haya si kumjaza maneno magumu. Ni kumlinda macho, halafu ni kumwondolea hofu. Ukifanya moja ukaacha la pili, umemfungia chumbani bado.

Mwaka 2025 nikapata ushahidi. Jumapili ya tarehe 7 Septemba, siku chache baada ya Maulidi, mwezi ulipatwa wote. Ulianza kumegwa saa 1:27 usiku, ukazama kabisa kivulini kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52. Mawingu yalipitapita, lakini tuliuona: mwekundu, kama kaa la moto lililofunikwa na majivu. Watoto wa mtaa wakaanza kukimbilia ndani. Aliyewaita warudi hakuwa mimi. Ni mpwa wangu, sasa ana miaka 17 na sauti nzito, kasimama kwenye tofali na mpira na tochi ya simu.

"Njooni, huu ni ruksa kuutazama kwa macho, hauunguzi!" Akawaonyesha: tochi jua, kichwa chake dunia, mpira mwezi. Jua hupatwa mwezi unapopita mbele yake, siku za mwisho wa mwezi, karibu na kuandama. Mwezi hupatwa siku za kumi na nne, ukiwa mpevu, dunia ikikaa katikati na kuutupia kivuli. Haitokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kama nyuzi tano, mara nyingi kivuli hupita juu au chini. Na ule wekundu? Ni mwanga wa jua uliopinda kwenye hewa ya dunia, wekundu wa mawio na machweo yote yanayotokea duniani saa hiyo, umemwagikia mwezini. Katoto kamoja kakauliza kwa nini kivuli kimepinda. "Kwa sababu dunia ni mviringo," akajibu. "Umekiona kivuli cha nyumba yako mwenyewe."

Nilikaa kibarazani nasikiliza, sikuongeza neno. Dada alikuwa pembeni yangu. Akanisukuma bega, akasema, "Basi, nimekusamehe mpunga."

Sasa kazi kwako, kijana mwenzangu. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote, giza la mchana, zaidi ya dakika sita kule Luxor, Misri, na njia yake itapita Makka. Mwenye uwezo wa ndege aanze kuweka akiba. Sisi wa mabasi tusihuzunike, maana tarehe 21 Mei 2031 jua litavaa pete tena, na njia yake inakatiza Angola, Kongo, Zambia na kusini mwa Tanzania. Mtoto aliyezaliwa 2020 atakuwa na miaka 11, umri uleule wa maswali.

Usimletee X-ray, kioo cha moshi, CD wala beseni la maji akalitazame jua humo, vyote ni hatari. Miwani isiyo pambo, au karatasi ngumu yenye tundu la msumari, vinatosha. Na ukikuta nyumba mlango umefungwa kwa nje, piga hodi, amkia wakubwa, uliza kwa heshima kama bati lao lina matundu.